Unayecheka picha la Kihindi na kuiheshimu opera, pita hapa kwanza (uzi mrefu)

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kauli haikosekani humu kila mada ya filamu ikipanda: "Picha la Kihindi gani, stelingi anakimbizwa na maadui, mara kaibukia mlimani anaimba na wacheza shoo arobaini nyuma." Halafu mtu huyo huyo akisikia neno opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, anakaa vizuri kwenye kiti. Hapo anaona pana sanaa ya waliosoma.

Mimi nasema opera katika miaka yake 150 ya kwanza, kuanzia Florence karibu na 1600 hadi katikati ya karne ya 18, ilikuwa picha la Kihindi bila kamera. Na hazikufanana kwa bahati. Zimelelewa na mambo mawili yale yale: imani kwamba hisia ikizidi kipimo haisemwi, inaimbwa, na mtu wa mlangoni anayekata tiketi.

Nitashusha kipande kipande. Wenye haraka mpite tu, sina ugomvi.

Opera inayohesabiwa kuwa ya kwanza ni *Dafne* ya Jacopo Peri, Florence, mnamo 1598. Maneno yake, ya mshairi Ottavio Rinuccini, tunayo hadi leo. Muziki umepotea, vimebaki vipande vichache tu. Sasa njoo Bombay. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ni *Alam Ara* ya Ardeshir Irani, iliyofunguliwa jumba la Majestic tarehe 14 Machi 1931. Nayo hakuna nakala inayojulikana kubaki. Picha za mnato zipo, filamu hakuna. Kwa hiyo pande zote mbili tunabishana kuhusu mzazi ambaye hatuwezi tena kumwona.

Lakini tazameni jambo hili. India haikuanza na filamu za mazungumzo matupu kisha mtu akapata wazo la kuchomeka nyimbo. Siku sauti ilipoingia, nyimbo ziliingia nayo mlango mmoja: *Alam Ara* ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata, 1932, ikaja *Indrasabha* yenye nyimbo karibu 70. Sabini, wakuu, katika filamu moja! Hapo hata neno filamu naliona dogo. Ile ilikuwa opera.

Florence nako hawakuanza na mchezo wa kuigiza wakaupamba. Wasomi waliokuwa wakikutana nyumbani kwa Count Giovanni de' Bardi, miaka ya 1570 na 1580, waliamini kwamba tamthilia za Wagiriki wa kale ziliimbwa, wakataka kuurudisha mtindo huo. Wahindi walikuwa na chao cha kale pia: *Natya Shastra*, kitabu cha Kisanskriti kinachochukulia uigizaji, ngoma na muziki kama kazi moja, na kinachopanga hisia kwa mafungu yake, mapenzi, huruma, hasira, kicheko na kuendelea. Tofauti ni kwamba Wataliano walikuwa wanakisia kuhusu kitu kilichokufa zamani. Wahindi majukwaa yao hayakuwahi kuacha kuimba.

Inaendelea, ngoja nijibu mtu PM.

Kanyaga_Twende

Mkuu, umeandika vizuri ila unalazimisha. Opera ni ya wafalme na mabwanyenye. Picha la Kihindi ni letu sisi wa kibanda umiza. Unafananishaje kitu cha ikulu na kitu cha mtaani?

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Kanyaga, swali zuri, na jibu lake lina tarehe.

Ni kweli ilianzia ikulu. *Euridice* ya Peri ilipigwa kasri la Pitti, Florence, tarehe 6 Oktoba 1600, kwenye sherehe za harusi ya Maria de' Medici na mfalme Henry IV wa Ufaransa. Hapo hukati tiketi, unaalikwa.

Ila mwaka 1637, Venice, familia ya Tron ikafungua ukumbi wa San Cassiano kwa yeyote mwenye hela. Onyesho la kwanza lilikuwa *Andromeda*, muziki wa Francesco Manelli, maneno ya Benedetto Ferrari. Wenye nazo walikodi vyumba vidogo vya ghorofani kwa msimu mzima, wengine walilipia kiti cha chini kwa usiku mmoja. Ndani ya miaka michache kumbi zikawa kadhaa katika mji huo mmoja, zinagombania watu wale wale wa msimu wa Kanivali.

Ushindani ukishaingia, ukumbi unahitaji nini? Kwanza staa. Anna Renzi, aliyeimba Ottavia katika *L'incoronazione di Poppea* ya mtunzi Claudio Monteverdi mwaka 1643, aliandikiwa kitabu kizima cha kumsifu mwaka uliofuata. Kwenye kumbi hizo mwimbaji mkubwa alikuwa analipwa kuliko aliyetunga muziki. Mnaona tayari Bombay hapo?

Pili, maajabu ya macho. Ukumbi wa Novissimo ulikuwa na fundi anaitwa Giacomo Torelli. Alifunga mapazia yote ya pembeni kwenye magari madogo chini ya jukwaa, yakaunganishwa kwa kamba na gurudumu moja. Gurudumu likizungushwa, bustani yote inaondoka na bandari inaingia mbele ya macho yenu, pazia kuu halijashushwa. Watu walilipa kuona hilo tu. Kwa hiyo yule stelingi anayeimba ubeti wa kwanza Bombay na wa pili kwenye theluji ya Uswisi ana babu yake Venice, na huyo babu alikuwa fundi wa mitambo.

Tatu, uchekeshe. Katika *Poppea* hiyo hiyo, mzee Seneca anaamriwa na Nero, mtawala wa Roma, ajiue, na anajiua. Humo humo yupo yaya Arnalta, anaimbwa na mwanamume aliyevaa nguo za kike, anatamba kwamba bosi wake Poppea akiwa malkia na yeye ataitwa bibi mkubwa. Sasa nenda *Pyaasa* ya Guru Dutt, 1957. Mshairi hana pa kulala, dunia imemtupa, na katikati ya huzuni hiyo Johnny Walker anapita na chupa ya mafuta akiimba wimbo wa kukanda vichwa vya watu. Msomi wa Ulaya wa baadaye angesema huku ni kuchanganya mambo. Mtu wa Venice wa 1643 angeelewa bila kufafanuliwa: aliyelipa kiingilio anataka kulia, kucheka na kushangaa kwa tiketi moja.

Bibi_wa_Ngamiani

Mwanangu endelea, mimi ni mtu wa Tanga, sinema za Kihindi tumekua nazo. Lakini niulize. Sisi tulikuwa tunaenda kuangalia picha moja mara tatu, mara nne, hadithi tunaijua yote mpaka mwisho. Huko kwenye opera nako walikuwa hivyo au walikuwa wanakaa kimya wanatazama kwa heshima?

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Shikamoo bibi.

Kimya kilikuja baadaye sana, karne ya 19 huko. Hawa wa mwanzo walikuwa wanakula, wanacheza karata, wanatembeleana kwenye vile vyumba vya ghorofani, na opera ile ile wanaiona usiku baada ya usiku. Maongezi yakiendelea jukwaani na wao wanaongea yao. Wimbo wenyewe ukifika, hapo wanageuka. Ukiwakosha, wanaupigia kelele urudiwe, na mwimbaji anaurudia, hadithi isubiri.

Na walikuwa wananunua vijitabu vya maneno mlangoni, wanafuata kwa mwanga wa mshumaa mdogo. India nako kwenye majumba ya sinema vilikuwa vinauzwa vijitabu vya nyimbo, hadithi kwa ufupi ukurasa wa mbele na maneno ya nyimbo ndani.

Hadithi kujulikana haikuwa tatizo, ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Orfeo na mkewe Euridice: Peri 1600, Caccini 1602, Monteverdi 1607, Luigi Rossi 1647, Gluck 1762, na hao ni wachache. Upande wa Kihindi mchukue Devdas peke yake, kutoka riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay: 1935 kwa sauti ya Saigal, 1955 Dilip Kumar, 2002 Shah Rukh Khan. Hakuna aliyekwenda 2002 kujua kama Devdas atapona pombe. Watu walikwenda kuona *huyu* atakufaje.

Nikiwa hapo hapo kwenye Orfeo, niingie kwenye mwisho wa hadithi, maana uzi huu nimeufungua kwa ajili ya sehemu hii.

Wote waliijua: mke anaumwa na nyoka siku ya harusi, mume anamfuata kuzimu, anaruhusiwa kumrudisha kwa sharti asigeuke nyuma, anageuka, anampoteza mara ya pili. Peri alipoipeleka mbele ya maharusi wa 1600, Rinuccini alilitoa sharti lote. Orfeo anaimba, kuzimu wanakubali, mke anarudi mzima. Nani apeleke matanga harusini? Ya Monteverdi, Mantua 1607, ina vituko zaidi. Kijitabu cha maneno cha mwaka huo kinaishia na wanawake wenye hasira, wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo, wakimjia Orfeo juu, naye anatoroka. Muziki uliochapwa 1609 hauna habari hiyo kabisa: anashuka mungu Apollo, baba yake, anamchukua wanapaa mbinguni wakiimba pamoja.

Sasa *Sholay*, 1975. Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur, afisa wa polisi wa zamani, anamuua jambazi Gabbar kwa miguu yake, maana mikono Gabbar alishamkata. India wakati huo ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Bodi ya ukaguzi ikakataa: mtu aliyekuwa afisa wa polisi hawezi kuonekana anajichukulia sheria mkononi. Ikapigwa upya. Thakur anakaribia kummaliza, polisi wanatokea, Gabbar anakamatwa. Huo ndio mwisho ambao dunia nzima iliuona.

Apollo na wale polisi wana kazi moja. Hawakuwemo kwenye ugomvi, hakuna aliyewaita, wanaingia dakika ya mwisho kuhakikisha mambo yanaisha kwa namna ambayo mwenye mamlaka aliyekaa mbele anaridhika. Kwenye opera za karne ya 18 ambazo mshairi Metastasio aliandika maneno yake inakuwa wazi zaidi: mfalme kwenye hadithi anagundua njama, kila mtu anangoja hukumu, halafu anasamehe wote. Na mfalme halisi yuko ukumbini anajiona.

Nakala iliyokarabatiwa ya *Sholay*, yenye ule mwisho wa awali, ilioneshwa 2025 kwenye tamasha la filamu la Bologna. Italia, wakuu. Sikupanga mimi.

Kanyaga_Twende

😂😂 Polisi wa Kihindi siku zote hufika vita ikishaisha. Leo ndiyo nimejua walichelewa tangu 1609.

Mwana_Kibokoni

Assalaam aleikum. Mimi niko Mombasa. Ndugu yangu umezungumza mengi mazuri ila hujataja tuni. Hapa kwetu marehemu Juma Bhalo alijenga jina kwa kuzitia tuni za Kihindi mashairi ya Kiswahili, na kuna watu mpaka leo humtupia maneno ati si utunzi ule. Hao wa opera walikuwa watunga kila kitu kipya?

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Waaleikum salaam, Mwana Kibokoni. Hao wanaomtupia maneno marehemu wakutane na Handel, mtunzi wa opera.

Kuna aria (wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera) ya Handel inaitwa "Lascia ch'io pianga", hata asiyejua opera akiisikia anaitambua. Ilianza kama muziki wa kucheza tu, bila maneno, kwenye opera yake *Almira*, Hamburg 1705. Akaitia maneno Roma 1707. Akaitia maneno mengine tena London 1711 kwenye *Rinaldo*, mwanamke yuko kifungoni anaomba aachwe alie, na hapo ikapata umaarufu. Hiyo ni tuni yake mwenyewe, lakini kuchukua ya mwenzako pia halikuwa jambo la kuficha uso. Waimbaji wakubwa walikuwa na aria zao wanazosafiri nazo kutoka mji hadi mji. Akifika kwenye opera mpya, anaitoa aria ya mtunzi anaweka yake inayomkaa sauti, na hadithi itajijua. Zilikuwepo hata opera nzima zilizoshonwa kwa nyimbo za watu mbalimbali, na zilijaza ukumbi.

Nadhani Mombasa na Unguja mngeelewana na watu wale haraka sana. Tuni ni mali ya anayeipa maneno yanayokaa.

Kanyaga_Twende

Sawa mkuu, nimeanza kulegea. Ila njia ilipita wapi? Mtu wa Bombay alijuaje ya Venice?

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Hakujua, na hakuhitaji kujua. Ndiyo maana nimesema tiketi ilifanya kazi kubwa. Hata hivyo ipo njia moja ya kweli, inapita kwa Maparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi.

Kuanzia miaka ya 1850 Maparsi wa Bombay walianzisha makampuni ya michezo ya jukwaani. Jukwaa lenyewe walichukua la Kizungu: fremu mbele, mapazia ya kuchora, matundu ya sakafuni ya kumtokeza jini. Ndani yake wakatia hadithi za Kiajemi, za Kihindu, mashairi ya Kiurdu, na nyimbo mwanzo mwisho. *Indar Sabha*, mchezo wa Kiurdu wa Agha Hasan Amanat kutoka Lucknow, miaka ya 1850, ulikuwa kipenzi cha majukwaa hayo, na ndio uliozaa ile filamu ya nyimbo 70. *Alam Ara* nayo ilikuwa mchezo wa Kiparsi kwanza, kazi ya Joseph David. Irani mwenyewe Mparsi. Kwa hiyo Torelli alifika Bombay kwa njia ya mbao na kamba, miaka 200 baadaye, bila mtu kumtaja jina.

Na Bombay lipo jengo linaitwa Royal Opera House, alilizindua mfalme George V mwaka 1911. Likaja kuwa jumba la sinema. Likafungwa 1993, likafunguliwa tena 2016.

Bibi_wa_Ngamiani

Maparsi hata Unguja walikuwepo. Yule Freddie Mercury si wa hapo Mji Mkongwe?

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Ndiye bibi, Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja 1946, akasomeshwa India. Na mwaka 1988 alitoa albamu nzima na mwimbaji wa opera, Montserrat Caballé. Mstari huo mimi siuvuti zaidi ya hapo, lakini nimefurahi umeuleta.

Mwana_Kibokoni

Na tofauti je? Maana ukisema vyote ni sawa sawa hapo utakuwa watupiga chenga.

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Kubwa ni moja: sauti na mwili.

Opera aliye mbele yako ndiye anayeimba. Ukishangilia, unamshangilia mwenye koo. Ndiyo maana tarehe 6 Juni 1727, London, mashabiki wa waimbaji wawili, Faustina Bordoni na Francesca Cuzzoni, walizomeana ukumbini mpaka onyesho likavunjika, Caroline wa ukoo wa kifalme amekaa anatazama. Mwaka mmoja nyuma Handel alishalazimika kuandika *Alessandro*, habari ya Alexander Mkuu huko India, akigawa nyimbo kwa mabibi hao kwa mizani ili asiwepo wa kusema amepunjwa.

Filamu za Kihindi kuanzia 1935 zikaanza kutenganisha: mmoja anaimba studio, mwingine anafungua mdomo mbele ya kamera. Mwanzoni aliye studio hata jina hakupewa. *Mahal* ya 1949 ilipotoka, sahani ya wimbo wa "Aayega aanewala" iliandikwa mwimbaji ni Kamini, ambaye ni mhusika tu ndani ya filamu. Wasikilizaji wakaisumbua redio kuuliza ni nani. Alikuwa Lata Mangeshkar. Baada ya hapo sauti yake moja ikakaa kwenye nyuso za waigizaji wa vizazi na vizazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Ila hata hapo opera ya mwanzo haiko mbali kama inavyoonekana. Stelingi wake, Alexander au Julius Caesar, mara nyingi alikuwa mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Jenerali anatangaza vita kwa sauti ya juu kuliko ya mpenzi wake, na ukumbi unazimia. Farinelli, mmoja wa hao waliohasiwa, alikuwa tajiri na maarufu kuliko watunzi wengi waliomwandikia. Roma, ambako wanawake walikatazwa jukwaani, hata mabinti waliimbwa na hao hao. *Alessandro nell'Indie* ya Metastasio, Alexander dhidi ya mfalme Porus, ilipoanza Roma 1730 kwa muziki wa Leonardo Vinci, hapakuwa na mwanamke hata mmoja jukwaani. Na filamu ndefu ya kwanza ya India, *Raja Harishchandra* ya Phalke, 1913? Malkia ameigizwa na kijana wa kiume, Anna Salunke, aliyekuwa akifanya kazi mgahawani, kwa sababu wanawake hawakupatikana.

Habari hiyo ya Alexander na Porus, Wahindi wenyewe waliipiga 1941, *Sikandar*, Prithviraj Kapoor ndiye Alexander. Ila safari hii Porus ndiye aliyepewa maneno ya kuwafanya watu wasimame ukumbini, na Waingereza walikuwa bado wametawala. Metastasio alimtaka Alexander aonekane mkarimu. Bombay ilikuwa na shida nyingine.

Kanyaga_Twende

Mkuu nimekubali nusu. Nielekeze niangalie nini, na sitaki saa nne.

Pazia_Jekundu (mleta uzi)

Chukua vipande viwili.

Cha kwanza, *L'Orfeo* ya Monteverdi, tendo la tatu. Orfeo amefika kwenye mto wa kuzimu, Caronte mwenye mashua anamkatalia. Anamwimbia "Possente spirto". Kwenye chapa ya 1609 mistari ya sauti imewekwa miwili sambamba, mmoja mtupu na mwingine una madoido yote. Anajimaliza kabisa pale. Na Caronte hahurumii! Anasema amefurahishwa, lakini huruma si kazi yake. Kisha anasinzia, Orfeo anaiba mashua.

Cha pili, ndoto ya *Awaara*, Raj Kapoor, 1951. Dakika kama tisa, ilipigwa kwa miezi mitatu. Raj yuko motoni, anapiga kelele kwamba hataki jehanamu hii. Juu kuna ngazi, mawingu, masanamu makubwa ya miungu, na mpenzi wake, Nargis, anashuka kumchukua, Lata anaimba "Ghar aaya mera pardesi". Halafu jambazi Jagga anatokea na kisu, ngazi zinaporomoka. Mtandaoni watu hukata kipande cha wimbo peke yake. Usikiangalie hicho. Anza pale moto unapowaka, kwa sababu Raj Kapoor aliijenga kuzimu kwanza kama Monteverdi, na bila hiyo Nargis anashuka ngazi tu.